Habari za Shule ya Kata

Bonga iko kusini ya Babati, katika barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma, ile iliyokuwa zamani sehemu ya njia ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Barabara hiyo sasa ina lami, na ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Nao mafundi walioijenga waliipima sehemu ya Bonga hata Babati wakaiandika kuwa kilomita 19.2. Twaanza na hesabu hii kwa makusudi, ninyi mnaotusikiliza na ninyi mnaosoma kijitabu hiki, kwa kuwa katika habari za leo mwendo ndio jambo kubwa kuliko yote. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kwenda kilomita 19 alfajiri na kurudi 19 jioni, siku tano kila juma, kisha akabaki na nguvu za kujifunza hesabu na Kiingereza. Basi shule iliyo mbali namna hiyo, hata ikiwa mlango wake u wazi, kwake imefungwa.

Twataka kueleza jinsi shule ya sekondari ilivyotoka mbali ikaja kukaa katika kata, karibu na mashamba ya mahindi na mbaazi. Hatutaitaja shule moja kwa jina, maana mambo tutakayoyasema ni ya shule za kata zote, za Bonga na za jirani zake, na za nchi nzima ya Tanzania.

Zamani elimu ya sekondari ilikuwa kitu cha kusafiria. Shule ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920, na hapo kwanza ilikusudiwa zaidi wana wa machifu. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza, alianza darasa la kwanza Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, mahali palipo kilomita kama 40 kutoka kwao Butiama. Na mwaka 1937 akaenda Tabora, mbali zaidi. Naye alikuwa mwana wa chifu. Mtoto wa mkulima asiye na jina alikuwa na haja ya bahati kubwa kuliko hiyo. Wakati huo Babati ilikuwa katika Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini, na kijana aliyetaka kupita madarasa ya chini alijua kwamba hana budi kuondoka kwao. Nchi ilipopata uhuru mwezi wa Desemba mwaka 1961, ilikuwa na watu zaidi ya milioni tisa, lakini wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima hawakufika 12,000.

Mwaka 1967 ukaja mpango wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 likafuata Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote waingie shule za msingi katika muda wa miaka mitatu. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii, na vijiji vikajaa madarasa. Lakini mlango wa juu haukupanuliwa kwa kadiri ile. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi ya kwenda sekondari ya Serikali hawakufika kumi.

Lugha yetu yenyewe imeweka kumbukumbu ya wakati huo. Watu walitofautisha maneno mawili: kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliweza kufaulu mtihani, akapata alama nzuri, wala asichaguliwe, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Mzazi alipoulizwa habari za mwanawe alijibu, “Amefaulu, ila hakuchaguliwa.” Neno hilo lilisemwa bila kelele, kama mtu asemavyo kwamba mvua imekosa mwaka huu. Tena halikusemwa na wachache. Lilisemwa karibu katika kila nyumba.

Wazazi wengine hawakukubali. Jumuiya ya wazazi iliyoitwa TAPA, iliyoanza mwaka 1955, ilijenga shule zake. Huko Kilimanjaro, penye kahawa na vyama vya ushirika vyenye fedha, watu walijenga sekondari zao wenyewe, tena mapema, hata mkoa huo ukaipita mikoa mingi kwa wingi wa shule. Katikati ya miaka ya 1980 Serikali nayo ikaruhusu na kuhimiza wananchi kujenga sekondari za kutwa. Lakini yafaa tuseme kweli: sehemu zilizokuwa na zao la kuuza kwa bei ya kutumainiwa ndizo zilizotangulia. Babati haikuwa na kahawa ya namna ile. Watu wake, Wagorowa, Wairaqw, Warangi na wengine, walikuwa na ng'ombe, mahindi na mbaazi. Na mbaazi, kama tutakavyoona, si zao la kumwekea mtu amana.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2000. Ada za shule za msingi ziliondolewa, na tangu mwaka 2002 watoto wakajaa madarasani. Watu walijua hesabu yake: baada ya miaka saba watoto hao wote watasimama mbele ya mlango wa sekondari. Mwaka 2004 Serikali ikaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliofahamika kwa jina la MMES. Mwaka 2006, Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, amri ilitoka kwa nguvu kwamba kila kata iwe na sekondari yake, na wakuu wa mikoa na wilaya wakashindana kutoa hesabu ya madarasa yaliyosimama. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wanafunzi waliokuwa nusu milioni na kitu wakafika karibu milioni moja na nusu. Hatujui jambo jingine lililojengwa na watu wa vijijini wa nchi hii kwa upesi namna hiyo.

Nasi twataka kukaa kidogo katika habari za ujenzi huo, maana vitabu hupenda kutaja hesabu za shule na kuacha habari za mikono. Kwanza mkutano huitishwa na ofisa mtendaji wa kata pamoja na wenyeviti. Eneo hutafutwa, na mara nyingi ni ardhi iliyotolewa na kijiji au na watu wenye mashamba mahali hapo. Kisha kazi hugawanywa: kitongoji hiki kitaleta mawe, kile kitaleta mchanga, wanawake watateka maji, vijana watafyatua matofali na kuyachoma. Kila nyumba hutoa mchango wa fedha, na asiye na fedha hutoa siku zake za kazi. Msingi huchimbwa, kuta huinuka hata kufikia lenta, na hapo ndipo kazi husimama. Jengo lililofika hapo watu huliita boma. Mabati, saruji ya sakafu, milango na madirisha hungojewa kutoka Serikalini. Pengine huja upesi. Pengine boma hukaa miaka miwili au mitatu juani na mvuani, nyasi zikaota ndani, hata mtoto aliyebebewa matofali ya darasa lile akamaliza shule ya msingi kabla halijaezekwa.

Na fedha ya mchango ilitoka wapi? Katika Babati ilitoka shambani. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Mahindi ni ya chakula, na mbaazi ni za kuuza, na zilizo nyingi huuzwa mpaka India. Mwaka 2017 Serikali ya India ilizuia mbaazi za nchi za nje zisiingie kupita kiasi ilichokiweka, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna nyingi. Bei ikaanguka vibaya huku kwetu, na gunia lililotegemewa kununua sweta, viatu na madaftari halikununua hata nusu yake. Hivyo ndivyo amri iliyotolewa New Delhi ilivyofika katika dawati la mtoto wa Kitanzania asiyejua habari zake. Twaitaja kwa sababu watu wengine husema kwamba mzazi wa kijijini hajali elimu. Mtu asemaye hivyo aulize kwanza bei ya mbaazi.

Sasa tutazame maisha ya shule yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huja na jembe au fyekeo, ndoo na ufagio, pamoja na madaftari yake, na juma lake la kwanza mara nyingi huwa la kufyeka kuliko la kusoma. Kengele yaweza kuwa rimu ya gurudumu la gari iliyotundikwa mtini. Wanafunzi husimama mstarini, mwalimu wa zamu hukagua usafi, viranja huandika majina ya waliochelewa. Adhuhuri, ikiwa wazazi wamekubaliana kuleta mahindi na maharage, huliwa makande. Ikiwa hawakukubaliana, wengi hukaa na njaa mpaka watakaporudi nyumbani saa kumi au kumi na moja. Walimu wenye kuangalia sana wanajua kwamba tofauti kati ya shule mbili zilizo jirani yaweza kuwa ni sufuria hiyo tu.

Kisha kuna jambo la lugha. Mtoto wa upande wa Babati huenda akasema Kigorowa nyumbani, au Kiiraqw, au Kirangi, au Kibarbaig. Na lugha hizo si zote zenye undugu wa karibu. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili, naye hujifunza kuhesabu, kusoma na kufikiri kwa lugha hiyo muda wa miaka saba. Siku anapoingia sekondari, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hupewa majuma machache ya kuzoezwa, kisha huambiwa aeleze kwa lugha hiyo jinsi jani la mti linavyotengeneza chakula chake. Mtoto wa mjini ambaye wazazi wake walimlipia shule ya Kiingereza tangu utoto haoni mlima huo. Mtoto wa kata huupanda peke yake, na mwalimu wake mara nyingi humvusha kwa kueleza Kiswahili huku akiandika Kiingereza ubaoni. Sisi hatuwalaumu walimu hao hata kidogo.

Walimu ndio waliokosekana tangu mwanzo. Ukuta waweza kujengwa kwa miezi mitatu, lakini mwalimu wa hesabu hajengwi kwa matofali. Madarasa yalipojaa upesi, vijana waliomaliza kidato cha sita walifundishwa ualimu kwa majuma machache wakapelekwa kazini. Watu, kwa ulimi wao usiosamehe, wakawaita “vodafasta”, kwa jina la njia ya kuongeza fedha katika simu kwa haraka. Shule zenyewe nazo zilipewa majina ya dhihaka, na mzazi mwenye uwezo alijitahidi mwanawe asipelekwe huko. Zilikuwapo shule zenye walimu watatu au wanne kwa vidato vinne, zisizo na mwalimu hata mmoja wa fizikia. Wanafunzi wakanakili kitabu kimoja kwa zamu.

Malipo ya haraka hiyo yalionekana wazi mwezi wa Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa mwaka 2012. Zaidi ya vijana 240,000 walipata sifuri, yaani watu sita katika kila kumi. Nchi ilishtuka. Tume iliundwa, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya kwa kipimo kingine, na walioanguka wakapungua. Lakini kupanga upya hakukumwongezea mtoto hata neno moja la yale asiyofundishwa. Walioumia zaidi walikuwa watoto wa shule za kata, na pamoja nao wazazi waliobeba mawe. Tufikiri jinsi mtu wa namna hiyo alivyoyapokea matokeo: alitoa siku zake, matofali yake na mbuzi wake, naye akaletewa karatasi yenye sifuri.

Hapo ndipo swali kubwa la shule hizi lilipotokea, nalo ni hili: shule ya kata ni ya nani? Wakati wa kubeba mchanga, watu huambiwa kwamba ni yao. Wakati wa kuuliza kwa nini hakuna mwalimu wa kemia, huambiwa kwamba hilo ni jambo la Serikali. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na muda uliowekwa ukasogezwa mpaka Juni 2015. Maabara zilihitajika kweli; mtoto aliyejifunza kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni hawezi kushindana na aliyeishika. Lakini katika sehemu nyingine za nchi mchango huo ulidaiwa kwa ukali, na wasiolipa walikamatiwa kuku na mbuzi. Kwa maoni yetu jambo lile liliharibu kitu kisichoonekana katika hesabu, nacho ni moyo wa mtu kuiita shule “yetu” kwa hiari yake.

Kisha upepo ukageuka upande wa pili. Kwa Waraka wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, nayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa. Na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Watoto wengi walirudi darasani kwa sababu ya tendo hilo. Lakini wazazi wengine wakasikia neno “bila malipo” wakadhani kwamba hata makande yataletwa na Serikali, wakaacha kuleta mahindi. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kupambana na madhara ya ugonjwa wa UVIKO, yakajengwa madarasa 15,000, na kati ya hayo 12,000 yalikuwa ya sekondari. Mara hii wananchi wengi walikuta darasa limekwisha, lina sakafu laini na madawati mapya, bila wao kubeba jiwe hata moja.

Katika mambo yote yaliyopatikana, lililo kubwa ni habari ya wasichana. Zamani, shule ilipokuwa mbali, mzazi aliyeweza kumsomesha mtoto mmoja alimpeleka mvulana. Tena hofu ya njia ndefu ilimzuia msichana hata pale alipokuwa na akili kuliko kaka zake. Shule ilipokuja karibu, hofu hiyo ilipungua. Katika miaka ya karibuni, wasichana wa kidato cha kwanza mpaka cha nne katika nchi yetu wamekuwa wengi kidogo kuliko wavulana. Jambo hilo lingeonekana kuwa ndoto mwaka 1961, na halikuletwa na hotuba. Lililetwa na kupungua kwa kilomita.

Ila kata nyingine ni pana sana, na mtoto wa kitongoji cha mwisho bado ana mwendo wa saa mbili. Wengine hupanga vyumba karibu na shule, na vyumba hivyo wanafunzi huviita mageto. Msichana wa miaka kumi na mitano hukaa humo peke yake, anajipikia, hana mlinzi wala mshauri, na wapo watu wazima wanaojua mlango wake. Waliopata mimba walifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka wazi kwamba hawatarudi. Hata Novemba 2021 Serikali, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ikabadili jambo hilo na kuwaruhusu kurudi baada ya kujifungua. Penye bweni, hata likiwa dogo lenye vitanda vya chuma na taa moja, habari za namna hiyo hupungua. Laiti nguvu iliyotumika kuhesabu madarasa ingalitumika mapema kujenga mabweni.

Matokeo ya mitihani nayo yamepanda. Tangu mwaka 2020, katika watahiniwa 100 wa shule, wanaofaulu kidato cha nne ni zaidi ya 85. Msomaji mwangalifu atauliza wamefaulu katika daraja gani, naye ana haki ya kuuliza, maana walio wengi ni wa daraja la nne, nalo halimfikishi mtu kidato cha tano. Hata hivyo wamo watoto waliotoka katika madarasa haya wakaenda vyuo vikuu, na wengine wakarudi kuwa walimu na waganga katika kata kama zile walizotoka. Na hata yule aliyeishia kidato cha nne na kurudi shambani, yeye husoma maandishi ya mfuko wa dawa ya mimea mwenyewe, hukagua risiti ya chama cha ushirika, wala hakubali kutia dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Baraza la Mitihani halina safu ya kuandika alama hizo.

Sasa neno jingine limekwisha kutangazwa. Kwa sera mpya, iliyozinduliwa mwezi wa Februari 2025, elimu ya lazima ni ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi mwishoni mwa mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, pamoja na wenzao waliowatangulia, watakaokuwa darasa la saba. Basi Januari 2028 makundi mawili yatafika siku moja katika lango la shule ya kata, wote wameshika majembe na ndoo, nao watahitaji madarasa mara mbili, madawati mara mbili na walimu mara mbili. Katika kata nyingi matofali ya madarasa hayo hayajachomwa bado.